Bi. Sophia Mustafa na Kura Tatu

Bara Hindi lilipopata uhuru wake mwezi wa Agosti 1947, na papo hapo likagawanyika kuwa dola mbili, India na Pakistan, kwa msiba wa wakimbizi na umwagaji wa damu usio na kifani, swali la uraia lililowatatiza watu wa huko halikukosa kuwafikia Wahindi wa Arusha, wenye maduka na makazi yao chini ya Mlima Meru.

Miongoni mwa waliolijibu kwa vitendo ni Bi. Sophia Mustafa, aliyezaliwa India mwaka 1922, akalelewa Nairobi, kisha akahamia Arusha. Mwaka 1958, akiungwa mkono na chama cha TANU, aligombea kiti cha Waasia cha Jimbo la Kaskazini katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, akashinda.

Sharti la uchaguzi ule lilikuwa zito, na si dhambi kuliita la dhuluma: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na aliyeacha hata nafasi moja tupu, karatasi yake nzima ilibatilika. Ajabu ni kwamba hila hiyo ya kuwapima watu kwa rangi zao iliwageukia wenyewe walioitunga, kwani ilimlazimu mgombea wa Kiasia kutafuta ridhaa ya Waafrika, nao hawakumnyima.

Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, kitabu cha Bi. Sophia, The Tanganyika Way, kilichapishwa. Msomaji anasihiwa akitafute.