Matuta ya Jozani na hesabu ya kima punju

Wiki hii darasani tupo kwenye usalama wa makutano yenye taa za kuongozea magari. Nikaona niwaandikie historia yake kidogo, halafu tuishie Jozani, ambako taa hakuna kabisa.

Taa ya kwanza ya aina hiyo iliwekwa London, Desemba 1868, jirani na Bunge. Ilikuwa ya gesi, polisi anaiendesha kwa mkono. Januari 1869 ikalipuka, ikamjeruhi polisi mwenyewe! Halafu ajabu, mwaka huohuo wa 1868 John Edward Gray wa London ndiye aliyempa kima punju wetu jina la kisayansi, kwa heshima ya Dk. John Kirk aliyekuwa ubalozi wa Uingereza hapa Unguja.

Tangu taa ile swali ni moja: kifaa kimeokoa, au kimewekwa tu? Kwa macho hujui. Unahesabu ajali za kabla, unahesabu za baada. Taa zinaweza kupunguza magari kugongana ubavuni, zikaongeza ya kugongana kwa nyuma maana watu wanafunga breki ghafla.

Sasa Jozani. Barabara ya kutoka mjini kwenda kusini inapita msituni, na kima wanaivuka kwenda kula mashambani upande wa pili. Ilipotiwa lami upya miaka ya 1990, madereva wakawa wanakimbiza. Watafiti walikadiria kima mmoja anauawa kila wiki mbili hadi tatu. Yakawekwa matuta manne. Utafiti wa baadaye, wa miaka minne, ukakuta mmoja kila wiki sita.

Kwa hiyo matuta yamesaidia, tena sana. Lakini hayajamaliza kazi. Sensa ilikuta kima hawa zaidi ya 5,800 tu, na kwao kwa asili ni Unguja, hakuna pengine. Huzaa mtoto mmoja mmoja, kwa hiyo pengo halizibiki haraka. Na tofauti na makutano ya mjini, huyu mvukaji hasomi taa wala kibao. Jukumu lote lipo kwenye mguu wa dereva.

Basi jamani, daladala ikipunguza mwendo pale Jozani, tusimpigie kelele dereva kwamba anatuchelewesha. Dakika moja yetu ndiyo inayoamua hesabu ijayo itasemaje.