Msukule na Bwana Wake: Wafu Watembeao Katika Tamthilia na Katika Historia ya Ufipa

Hofu ya maiti aliyeinuka bila kufufuka ilikuwapo duniani kabla ya televisheni, wala haikuzaliwa Marekani. Walakini katika zama hizi ni vigumu kutaja chombo kilichoieneza hofu hiyo kupita tamthilia iitwayo The Walking Dead, iliyoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 31 Oktoba 2010, ikafikia kikomo tarehe 20 Novemba 2022, baada ya misimu 11 na sehemu 177. Asili yake ni hadithi ya katuni ya Robert Kirkman, iliyotoka kwa matoleo tangu 2003 hata 2019. Msimu wa tano ulipofunguliwa Oktoba 2014, watu zaidi ya milioni 17 waliitazama sehemu yake ya kwanza katika Marekani peke yake. Jambo lililopendwa na watu wengi kiasi hicho, kwa muda mrefu kiasi hicho, halistahili kupuuzwa na mwanahistoria kwa sababu tu ni la burudani. Burudani nayo ina nasaba.

Kisa chake ni chepesi kusimulia. Askari mmoja wa jimbo la Georgia, Rick Grimes, azinduka hospitalini baada ya kuzimia siku nyingi, akuta dunia imeharibika na wafu wanatembea wakila walio hai. Amtafuta mkewe na mwanawe. Awapata katika kundi la watu waliookoka. Kundi hilo latangatanga kutoka shamba hata gereza, na kutoka gereza hata mji wenye ukuta. Mwisho wa msimu wa pili yafunuliwa kwamba kila mtu amekwisha kuambukizwa: yeyote afaye, kwa sababu yoyote, atainuka. Mshabiki wa tamthilia hii, akiulizwa maana yake, aghalabu hujibu kwamba habari zenyewe si za wafu, ila za walio hai. Kwamba maiti ni kama mvua au njaa tu, na hatari ya kweli ni binadamu mwenziwe. Mshabiki huyohuyo hulalamika kwamba baada ya msimu wa saba, ulioanza Oktoba 2016 kwa mauaji ya kikatili, hadithi ilirefushwa kupita kiasi. Na kweli watazamaji walianza kupungua tangu hapo.

Rai hiyo ya kwanza yafaa ipimwe, na mizani njema ya kuipimia iko mbali na Georgia. Iko Tanzania, na hasa kusini magharibi yake, katika nyanda za juu za Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mtazamaji aliyelelewa kwa hadithi za misukule, aonapo umati wa maiti wakiyumbayumba barabarani, huwa na swali moja ambalo tamthilia haikulikusudia: hawa ni wa nani? Kwa maana katika imani ya Waswahili na jirani zao wa bara, hapana msukule asiye na mwenyewe.

Msukule, kama wasimuliavyo waaminio, ni mtu aliyedhaniwa amekufa, akaliliwa na kuzikwa, ilhali kilichozikwa ni gogo la mgomba lililovikwa sura yake. Yeye mwenyewe amechukuliwa na mchawi. Hukatwa ulimi asiweze kujitaja, hulishwa pumba, hufichwa mchana darini au ghalani, na usiku hutolewa akalime shamba la bwana wake. Hali mtu wala hafukuzi mtu. Si wa kuogopwa, ni wa kuhurumiwa. Anayeogopwa ni yule aliyemficha. Tena msukule aweza kurudi: mganga mwenye nguvu, au siku hizi mhubiri wa makanisa ya uamsho, husemekana kumtoa alikofichwa na kumrejesha kwa jamaa zake. Maiti wa Georgia hana marejeo. Dawa yake ni kupasuliwa kichwa.

Mambo mawili katika imani hii ndiyo yenye kumpasa mwanahistoria kusimama, nayo ni ulimi na jembe. Yaani msukule ni mtu aliyenyang'anywa sauti, akaachiwa mikono. Si shida kuona kwa nini sura hiyo iwe na uzito katika nchi kama Ufipa. Uwanda huo, wenye kimo cha mita 1,800 hivi mahali pengi, una majani mengi na miti michache. Wafipa hawakuweza kutegemea kukata na kuchoma miti ili kupata majivu ya kurutubisha udongo, kama walivyofanya jirani zao Wabemba. Wao walibuni njia ya intumba: wakati wa mvua majani na udongo wa juu hupinduliwa kwa jembe, vikarundikwa kuwa matuta ya mviringo, majani huoza ndani, na msimu ufuatao matuta hubomolewa, mbolea ikasambazwa, ulezi ukapandwa. Joseph Thomson, aliyepita huko 1880, aliwasifu Wafipa kuwa wakulima watulivu. Lakini sifa ya intumba ni sifa ya mikono. Kila tuta ni jasho, na mwenye mikono mingi nyumbani ndiye mwenye ghala kubwa. Katika nchi ya namna hiyo mavuno yanayopita kiasi huzaa swali: nani aliyeyalimia?

Swali hilo halikuwa la ndoto. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilivuka nchi zilizo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, na watu walitoweka kweli. Marcia Wright, aliyechunguza maisha ya wanawake mateka wa ukanda huo, ameonyesha jinsi mwanamke alivyoweza kubadilishwa mikono mara nyingi, kila mara akilima shamba la watu wasiojua ukoo wake, wala yeye hana wa kumtetea. Kisha ukaja utawala wa Wajerumani, na kodi ya nyumba iliyotangazwa mwaka 1897. Na baada yao Waingereza, na kodi zao. Fedha za kodi hazikuota Ufipa. Vijana wakaondoka kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, migodi ya shaba ya Northern Rhodesia, na mashamba ya mkonge ya pwani. Huko mkongeni mtu aliyeletwa kwa mkataba aliitwa manamba, kwa sababu alijulikana kwa namba yake kabla ya jina lake. Wengine walirudi na nguo na baiskeli. Wengine hawakurudi, wala barua haikuja. Mtu aliyepo mahali fulani, anayefanya kazi kwa faida ya mwingine, asiyesema na jamaa zake, si maiti wala si hai machoni pa mama yake. Imani ya msukule si taarifa sahihi ya mambo hayo. Lakini ni dhahiri kwamba inafanana nayo mno kuweza kuitwa upuuzi mtupu.

Ushahidi mwingine watoka ng'ambo ya bahari, nao waunganisha Ufipa na Georgia kwa njia isiyotazamiwa. Neno zombi lilifika Marekani kutoka Haiti, na wataalamu wengi huliunganisha na lugha za Kongo na Angola, zilizo ndugu wa Kifipa na Kiswahili katika jamii ya lugha za Kibantu. Lilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa kulima miwa. Haiti ilijikomboa tarehe 1 Januari 1804, lakini hofu ya kutumikishwa hata baada ya kufa haikuondoka. Na Marekani ilipoikalia nchi hiyo kijeshi, tangu 1915 hata 1934, ilipata maneno mapya. Mwandishi William Seabrook, katika kitabu chake cha 1929, alisimulia habari za maiti waliosemekana kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya kampuni kubwa ya sukari. Mwaka 1932 ikatoka sinema ya White Zombie, ambamo maiti wanaendesha kinu cha sukari. Mmoja aanguka kinuni, na wenziwe waendelea kuzungusha bila kugeuka. Mpaka hapo zombi wa Haiti na msukule wa Tanzania ni ndugu wa baba na mama: wote wawili wana bwana, na wote wawili wako kazini.

Aliyewatenganisha ni George Romero. Katika sinema yake ya Night of the Living Dead, ya mwaka 1968, maiti wanainuka bila mchawi na bila shamba. Wana njaa tu. Yeye hata hakuwaita zombi. Watazamaji ndio waliowapa jina hilo baadaye. Lakini bwana alipoondolewa, jina likabaki, na tangu hapo mfu atembeaye wa Marekani akawa tauni, wala si mtumwa. Kirkman alirithi maiti huyo, na tamthilia ikamrithi Kirkman. Hii ndiyo sababu mshabiki husema kwamba wafu si neno. Amesema kweli juu ya alichopewa. Ila hakuona kilichotolewa.

Hata hivyo historia haiondoki kirahisi mahali ilipokwisha kukaa. Tamthilia hii huwa na nguvu zaidi kila bwana anaporudi kwa mlango wa nyuma. Mwisho wa msimu wa pili, Machi 2012, atokea mwanamke mwenye upanga, Michonne, ambaye baadaye aliigizwa na Danai Gurira, aliyelelewa Zimbabwe. Awaburura maiti wawili kwa minyororo, nao wamekatwa mikono na kung'olewa taya, na mmoja wao alikuwa mpenzi wake. Mtazamaji wa Sumbawanga hahitaji kuelezwa picha hiyo: yule asiye na taya ni ndugu wa yule asiye na ulimi. Katika msimu huohuo mkulima mzee Hershel awafungia jamaa na jirani zake waliokwisha kuinuka ghalani, akawalisha kuku, akiamini ni wagonjwa watakaopona. Washabiki wengi humhesabu kuwa mjinga. Kwa mizani ya msukule, Hershel ndiye mtu pekee wa shamba lile anayekumbuka kwamba maiti ana jamaa. Na katika misimu ya tisa na ya kumi, ambayo watu wengi walikuwa wamekwisha kuiacha, Alpha na kundi lake wavaa ngozi za wafu na kuwachunga maelfu yao kama ng'ombe, wakawaelekeza kwa adui. Hapo tamthilia imerudi kwa swali la Ufipa bila kujua: wafu hawa ni wa nani, na wanamfanyia nani kazi?

Je, basi, imani ya msukule ndiyo yenye haki kuliko tamthilia? Hapana. Imani hiyo huuliza swali jema, lakini jibu lake limemwaga damu. Humtafuta bwana wa mtumwa katika nyumba ya jirani. Jina la Sumbawanga lenyewe hufasiriwa kuwa tupa uchawi, na historia yaonyesha kwamba wenyeji walijaribu kuutupa mara nyingi. Katika miaka ya 1930 vijana waliojiita wamchape, wenye asili ya Nyasaland, walizunguka Afrika ya Kati wakisafisha vijiji. Audrey Richards aliwaona kwa Wabemba, na alipozichungua pembe zilizorundikwa kama ushahidi wa uchawi, akakuta nyingi ni dawa za kawaida na hirizi zisizo na madhara. Vuguvugu kama hilo, kwa jina la Kamchape, liliingia Ufipa, na Roy Willis alilishuhudia huko mwaka 1963 na 1964. Alitambua kwamba walioshtakiwa aghalabu walikuwa wazee, na walioshangilia walikuwa vijana. Msafara wa watumwa ulikuwa umekwisha, mkoloni amekwisha kushusha bendera yake. Aliyebaki karibu, awezaye kushikwa mkono, ni babu mwenye pembe darini.

Kamchape angalau ilimwacha mshukiwa hai, akisha kusafishwa. Mahali pengine haikuwa hivyo. Katika Usukuma, tangu miaka ya 1970, wanawake wazee wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni wa miaka mingi huweza kuyaleta, yamehesabiwa kuwa ushahidi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ingali katika daftari la sheria za Tanzania, lakini sheria haiwezi kumtoa mtu hofu ambayo haikueleza chanzo chake. Na Ufipa yenyewe imelipwa vibaya: mji ambao jina lake ni amri ya kuutupa uchawi hutajwa katika mizaha ya miji mingine kuwa ndiyo maskani yake, na Mfipa ugenini hulazimika kucheka asichokichekea.

Kwa hiyo hadithi hizi mbili zina upungufu unaokabiliana. Tamthilia ya Marekani haimtwishi jirani hatia ya maiti, na katika hilo ina uungwana. Lakini humfundisha mtazamaji kumtazama mfu bila kuuliza alikuwa nani, na kumpasua kichwa bila kusita. Msukule humfundisha msikilizaji kwamba nyuma ya kila mikono inayolima bila sauti yuko anayekula mavuno, na katika hilo ana hekima. Lakini humwelekeza kwa bibi kizee wa nyumba ya tatu. Kazi ya historia ni kulichukua swali la msukule na kulipeleka mahali pake: kwenye njia ya msafara, kwenye daftari la kodi, kwenye orodha ya namba za mkongeni. Huko bwana yupo, ameandikwa, na hana pembe wala hirizi. Akipatikana yeye, bibi kizee atalala salama.