Utunzaji wa vifurushi vya Debian

Utunzaji wa vifurushi ni kazi ya kuandaa, kujaribu na kusasisha programu zinazosambazwa pamoja na mfumo endeshi. Katika Debian, mfumo wa familia ya Linux ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, kazi hiyo hufanywa na watu wa kujitolea.

Mtunzaji huchukua msimbo kutoka kwa waandishi wake, huurekebisha uoane na programu nyingine, kisha huufuatilia kwa miaka. Marekebisho hayo ndiyo yenye hatari kubwa. Mwaka 2006 mistari michache ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, iliondolewa na mtunzaji kwa sababu ilisababisha maonyo katika programu ya ukaguzi. Kumbe ndiyo iliyochangia namba nasibu za kutengenezea funguo. Funguo za siri zikabaki na uwezekano wa 32,768 tu kwa kila aina na urefu, na kasoro ikatangazwa Mei 2008.

Hatari nyingine hutoka kwenye chanzo chenyewe. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund, akichunguza ucheleweshaji wa takriban nusu sekunde katika SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, aligundua mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data. Ulikuwa umeshaingia matawi ya majaribio ya Debian. Tawi imara lilisalimika.

Kifurushi kilichoachwa na mtunzaji wake hutangazwa kuwa yatima, na kisipopata mlezi huweza kuondolewa.