Sheria mbili na mfuko mmoja wa makala



Mwaka wangu wa kwanza wa chuo nilichanganya sheria mbili za mazingira. Moja ni ya asili: maada haipotei, inageuka tu. Lavoisier aliionyesha katika karne ya 18. Ingine ni ya serikali, na ile watu wanaivunjaka kila siku.

Huku kwetu, historia ya ile ya pili ni ndefu. Mwaka 1939 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliunda Parki ya Upemba. Mnyama alipata ulinzi. Mwindaji wa kijiji alifungiwa njia. Njo maana babu yangu alisemaka parki ni ya Bula Matari, haiko yetu.

Katiba ya 2006, kifungu 53, iligeuza mambo: kila mtu ana haki ya mazingira safi, tena ana wajibu wa kuyatetea. Kisha sheria 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 ikasema mwenye kuchafua alipe, na wananchi washirikishwe.

Lakini jioni, hapa Kamina, mama anawasha mbabula. Makala inageuka majivu na moshi. Kaboni ya mti haikupotea, imepanda hewani. Sheria ya kwanza haina tribinali wala msamaha. Mti unakomaa kwa miaka, mfuko unaisha kwa wiki chache.

Simlaumu mama, miye pia ninakula chakula cha ile mbabula. Ninatulaumu siye wenye diploma: kifungu 53 tunakisoma nusu. Haki tunaidai, wajibu tunausahau.