Mpangilio wa Hati katika Programu za Uandishi

Mpangilio wa hati ni jumla ya maagizo yanayoieleza programu ya uandishi maneno yakae vipi: fonti gani na ya ukubwa gani, mistari iachane kiasi gani, pambizo ziwe na upana gani, namba za kurasa zianzie wapi. Maagizo yenyewe hayaonekani kwenye skrini. Huonekana matokeo yake tu. Ndiyo maana mtu hufuta mwisho wa aya moja ili aiunganishe na ya pili, mara sura ya mojawapo ikavurugika, naye akadhani kompyuta imeingia virusi. Kumbe amefuta agizo ambalo hakujua kwamba lipo.

Kuandika huku ukiiona sura ya karatasi kulianzia Xerox PARC, maabara ya Palo Alto nchini Marekani, ambako mwaka 1974 Butler Lampson, Charles Simonyi na wenzao walitengeneza programu ya Bravo. Baadaye Simonyi alihamia Microsoft, na Word ikatoka mwaka 1983. Mshindani wake mkubwa wa miaka hiyo, WordPerfect, alikuwa na njia nyingine: maagizo yalipachikwa katikati ya maneno, moja la kufungua na moja la kufunga, na mwandishi aliweza kuyafunua yote na kuyasoma. Waliozoea WordPerfect waliitafuta huduma hiyo ndani ya Word na kuikosa, kwa sababu Word haifanyi kazi hivyo. Yenyewe huyabandika maagizo kwenye vitu vitatu: herufi, aya na sehemu ya hati. Anayejua agizo limekaa kwenye kipi kati ya hivyo amekwisha maliza nusu ya kazi ya kutafuta kosa.

Ngazi ya herufi haisumbui sana. Ukikoza neno, ukozaji unakaa kwenye herufi za neno hilo. Aya ndiyo yenye siri. Kila unapobonyeza Enter, programu huweka alama fiche inayofanana na herufi P iliyogeuzwa nyuma, na ndani ya alama hiyo ndimo unamotunzwa mpangilio wa aya nzima: ujongezaji, nafasi ya juu na ya chini, namba za orodha. Aya mbili zikiungana, alama moja inapotea pamoja na mpangilio wake, na ile iliyobaki inatawala maneno yote.

Sehemu nazo hutenganishwa na kikomo, ambacho hubeba maagizo ya kurasa zilizokitangulia. Chukua tasnifu ya shahada: kurasa za shukrani na ikisiri zina namba za Kirumi, sura ya kwanza inaanza na 1, na katikati kuna jedwali pana lililolazwa. Hiyo ni hati yenye sehemu kadhaa. Mwanafunzi akifuta kikomo kilicho mwishoni mwa sehemu, kurasa zilizokitangulia hurithi maagizo ya sehemu inayofuata, na sura nzima inaweza kulala ubavu kwa ajili ya jedwali moja. Namba za kurasa zina mtego wake: kijajuu na kijachini cha kila sehemu mpya huwa vimeunganishwa na vya sehemu iliyotangulia, kwa hiyo ni lazima kukata muungano huo kwanza, kisha ndipo kubadili namba.

Hatua ya kwanza ya uchunguzi, basi, ni kuzionyesha alama fiche: Ctrl+Shift+8 katika Word, Ctrl+F10 katika LibreOffice Writer. Nafasi hugeuka nukta, Tab hugeuka mshale. Mara nyingi ugonjwa huonekana hapo hapo. Barua iliyopangwa kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara thelathini ili sahihi mbili zilingane haitalingana, kwa kuwa fonti kama Times New Roman hazina herufi za upana mmoja kama zilivyokuwa za taipureta. Dawa yake ni Tab iliyowekewa kituo, au jedwali lisilo na mistari. Ukurasa mpya ulioletwa kwa Enter kumi na tano utahama mara tu sentensi moja ikiongezwa juu, lakini ulioletwa kwa Ctrl+Enter utabaki mwanzoni mwa ukurasa. Na mstari ambao maneno yake yametawanyika kama meno yenye mapengo, katika aya iliyonyooshwa pande zote mbili, kwa kawaida umekatwa kwa Shift+Enter.

Mpangilio uliobandikwa kwa mkono juu ya mtindo wa aya, yaani seti ya maagizo iliyopewa jina, huondolewa kwa Ctrl+Q katika Word, na ule wa herufi kwa Ctrl+Nafasi. Lakini kinga bora ni mitindo yenyewe. Kichwa cha sura kilichopewa mtindo wa kichwa hubadilishwa mahali pamoja, na orodha ya yaliyomo hujitengeneza. Anayekoza vichwa arobaini kimoja kimoja atavirekebisha kimoja kimoja.

Hati nzuri ikifunguliwa stesheneri na kurasa zikahama, sababu kubwa ni fonti isiyokuwapo kwenye kompyuta hiyo. LibreOffice huweza kuiwakilisha Calibri kwa Carlito, yenye upana uleule. Fonti nyingine hazina bahati hiyo. Kwa kuchapisha, ipelekwe PDF.

Waandishi wa Kiswahili wana adha yao: mistari myekundu chini ya karibu kila neno. Lugha pia ni sifa ya maneno yaliyoandikwa, na hati huwa imeandikishwa kama ya Kiingereza. Chagua hati yote, kisha iwekee Kiswahili, au zima ukaguzi wa tahajia. Menyu za Kiswahili zenyewe si jambo geni: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili.

Hati ya Word ikikataa kila tiba, tumia sifa moja ya alama ya aya ya mwisho kabisa: ndiyo inayobeba maagizo ya sehemu ya mwisho, na uharibifu mara nyingi hujificha humo. Nakili kila kitu isipokuwa alama hiyo, kisha ubandike kwenye hati mpya.