Mji wa Tanga na Zao Moja

Miji mikuu husifiwa na vijiji huhurumiwa, bali miji ya kadiri aghalabu haitazamwi mpaka imeinuka au imeanguka. Tanga ni mmoja wa miji hiyo.

Katika mwaka wa 1893 mambo mawili yalianza upande ule. Wadachi waliweka reli kutoka Tanga kwenda bara, na Dakta Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kwa uzao wa miche hiyo michache nchi ilivikwa mashamba toka pwani hata ng'ambo ya Korogwe. Watu wa makabila ya mbali walikuja kukata mkonge. Wakapewa namba, wakaitwa manamba. Ujira wao ulikuwa haba, walakini ulipita madukani, na bandari haikukosa shehena.

Katika mwaka wa 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Hesabu ya watu ya 1967 iliikuta Tanga na watu zaidi ya 60,000, mji wa pili bara baada ya Dar es Salaam. Hesabu ya 1978 iliikuta imekwisha kupitwa na Mwanza.

Sababu ni nini? Wako walaumuo kutaifishwa kwa mashamba mengi katika 1967. Lawama hiyo ina sehemu ya kweli, kwa kuwa uangalizi wa mashamba ulilegea. Lakini bei ilikuwa imekwisha anza kuporomoka kabla ya hapo, kamba za nyuzi za viwandani zilipoingia sokoni. Mji ulisimama juu ya mguu mmoja, na mguu wenyewe ulikuwa mikononi mwa wanunuzi wa ng'ambo.

Mwaka wa 2016 Uganda ilichagua kupitisha mafuta yake Tanga, kwa bomba la kilomita 1,443 liishialo Chongoleani. Furaha ni haki. Pupa si haki. Mkonge ulitaka maelfu ya mikono kila msimu. Bomba likiisha kujengwa hutaka walinzi na mafundi wachache. Pato lake litaufaa mji endapo litatengeneza njia za machungwa ya Muheza, mboga za Lushoto na saruji ya Tanga yenyewe, ili bandari ihudumie vingi. La sivyo, mafuta yatakuwa mkonge wa pili, usio na manamba.