Tendo la ndoa baada ya upasuaji wa mgongo: Mambo ya kufahamu

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo huulizwa kama anatembea na kama maumivu yamepungua. Ni nadra kuulizwa kuhusu tendo la ndoa, naye huona haya kulitaja. Kimya hicho kinaweza kuivuruga ndoa, au kumpeleka kwa wauzaji wa dawa zisizothibitishwa, ilhali matatizo mengi ya aina hii yana msaada.

Chanzo ni nini?

Mishipa ya fahamu inayohudumia viungo vya uzazi, kibofu na njia ya haja kubwa hupita sehemu ya chini kabisa ya mgongo. Ikiwa ilibanwa na diski, uvimbe au mfupa uliovunjika, huenda iliathirika hata kabla ya upasuaji. Hupona polepole, pengine kwa miezi mingi, na wakati mwingine haiponi kabisa.

Upasuaji wa kiuno unaofanywa kupitia tumboni nao unaweza kuathiri mishipa inayoongoza utokaji wa shahawa. Mwanamume hufika kileleni, lakini shahawa huingia kwenye kibofu. Hali hiyo haidhuru mwili, ila hufanya kupata mtoto kuwa vigumu.

Maumivu, hofu ya kuumia tena, sonona na baadhi ya dawa, zikiwemo tramadol na amitriptyline, huweza pia kupunguza hamu. Dawa hizo zisiachwe bila ushauri wa daktari.

Msaada uliopo

Vidonge vya sildenafil au tadalafil huwasaidia wanaume wengi ambao uume hausimami vizuri. Hata hivyo, ni hatari kuvitumia pamoja na dawa za moyo za jamii ya nitrati, kwa kuwa shinikizo la damu laweza kushuka mno.

Mwanamke mwenye ukavu ukeni anaweza kutumia kilainishi cha maji. Mafuta huharibu kondomu za mpira. Kupungukiwa na hisia hakumaanishi kwamba hawezi kushika mimba.

Wakati wa kurejea tendo la ndoa hutegemea aina ya upasuaji, hivyo daktari aulizwe kabla ya mgonjwa kutoka hospitalini. Kulala ubavu, kuegemeza mgongo kwa mito na kumwachia mwenzi harakati nyingi hupunguza maumivu.

Dalili zisizongoja

Ganzi mpya kwenye makalio, msamba au sehemu za siri, kushindwa kukojoa, haja kubwa kutoka bila kujizuia, au miguu yote miwili kulegea ni dharura. Mgonjwa awahishwe hospitali saa hiyo hiyo. Kuchelewa kunaweza kuacha madhara ya kudumu.

Kuanza mazungumzo

Sentensi moja yatosha: "Daktari, tangu nifanyiwe upasuaji, tendo la ndoa limebadilika." Ni wajibu wa daktari kutunza siri hiyo. Mwenzi naye aelezwe mapema, asije akadhani kwamba mapenzi yamekwisha.